Nyerere: Ramani ya marafiki, na mstari uliokatikia Sirari

Chora uhusiano wa kimataifa wa Mwalimu Julius Nyerere kama mtandao: kila nchi ni nukta, kila urafiki ni mstari. Nukta ya kwanza ni Butiama, mkoani Mara, alikozaliwa Aprili 13, 1922.

Tanganyika ilipata uhuru 1961 ikiwa maskini, lakini mistari iliongezeka haraka. Mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya OAU iliweka makao yake Dar es Salaam, na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika wakapata pa kufikia.

Mistari mingine Mwalimu aliikata mwenyewe. Desemba 1965 alivunja uhusiano na Uingereza, baada ya kuona haiwachukulii hatua za kutosha walowezi wa Rhodesia waliojitangazia uhuru. Mkopo wa pauni milioni 7.5 ukasimamishwa. Uhusiano ulirudi 1968.

Nchi za Magharibi zilipogoma kugharamia reli ya kwenda Zambia, China ikaingia. TAZARA, kilomita 1,860, ikajengwa kati ya 1970 na 1975.

Mstari uliouma zaidi ulikuwa wa jirani. Mwaka 1967 Tanzania, Kenya na Uganda ziliunda Jumuiya ya Afrika Mashariki. Idi Amin alipompindua Obote 1971, Mwalimu akakataa katakata kukaa naye meza moja. Vikao vya marais vikakwama. Na Kenya nako, ugomvi wa mali na siasa ukazidi.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya.

Kwa watu wa Nkende na Tarime nzima, hiyo haikuwa habari ya redioni tu. Sirari ni pua na mdomo, na Wakurya wapo pande zote mbili. Uamuzi wa mtoto wa Mara ukatua kwa ndugu na majirani wa mkoa wake. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983.

Baada ya kung'atuka urais 1985, Mwalimu aliendelea kuunga mistari, ikiwemo kusuluhisha Warundi kuanzia 1996. Alifariki London, Oktoba 14, 1999.

Siku 47 baadaye, Novemba 30, marais wa nchi zile zile tatu walisaini mkataba mpya wa Jumuiya jijini Arusha. Mstari uliokatikia Sirari ukachorwa upya, mwenyewe hayupo.