Beryl Markham, Mfunzi wa Farasi



Ukipita Ruiru asubuhi, au ukizunguka mitaa ya Thika, mnyama utakayemkuta kazini ni punda, na mara nyingi fimbo iko juu yake. Farasi hatuna mazoea naye. Ndiyo maana safari hii tumekuletea maisha ya mtu aliyefunza farasi wachanga katika nchi yetu hii hii mpaka jina lake likavuma. Watu wa Thika wakitajiwa mwanamke wa Kizungu wa zama za ukoloni humkumbuka Elspeth Huxley, aliyekulia hapa na kuuandikia mji huu kitabu mwaka 1959. Leo si yeye. Leo ni Beryl Markham.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa na miaka kama minne. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa na shamba na farasi wa mbio huko Njoro. Mama hakudumu, alirudi Uingereza na kaka yake Beryl, msichana akabaki na baba. Basi akalelewa na shamba. Alicheza na watoto wa Kinandi na Kikipsigis, akasema Kiswahili, akafuata wawindaji porini. Rafiki yake mmoja wa utotoni aliitwa Kibii, na alipokuwa mtu mzima akawa arap Ruta. Lishike jina hilo.

Akiwa bado msichana alikesha na farasi jike aliyekuwa akizaa, akampokea mtoto kwa mikono yake. Baba akamwambia huyo ni wako. Akampa jina Pegasus. Baadaye ukame ukamfilisi baba, akaenda zake Peru. Beryl, umri kama miaka kumi na minane, akampanda Pegasus huyo huyo mpaka Molo kuanza maisha. Akawa mwanamke wa kwanza Kenya kupewa leseni ya kufunza farasi wa mbio.

Sasa hebu fikiria kazi yenyewe. Farasi ameumbwa kukimbia. Kitu kikimrukia mgongoni, yeye anajua ni simba tu. Kwa hiyo mwanafarasi hapandwi hivi hivi. Kwanza azoee mkono, aguswe shingo, tumbo, miguu, mpaka asishtuke. Halafu hatamu, atembezwe. Halafu azungushwe kwa kamba ndefu, ajifunze sauti: nenda, simama. Siku nyingine unamwekea kitambaa tu mgongoni. Tandiko linakuja baadaye, na mkanda wa tumboni unakazwa kidogo kidogo, maana ukimbana ghafla siku ya kwanza ataruka, na hiyo hofu hataisahau. Mtu naye haanzi kwa kukaa. Analala tumbo juu ya mgongo wake, anashuka, anarudia kesho. Ni wiki kadhaa, si mchezo. Wako wanaomvunja farasi kwa kiboko siku mbili tatu, na kweli anapandika, lakini amekaa na woga na siku moja utamrudia mpandaji. (Waarabu wa kale, kwa taarifa yako wewe uliyefunga, walilitumia neno hili hili la saumu kwa farasi aliyesimama kimya bila kula.)

Beryl alisifika kwa utulivu huo, hasa kwa farasi walioharibiwa na wengine. Mwaka 1926, kama anavyosimulia mwenyewe, farasi wake bora aliyeitwa Wrack alichukuliwa na mwenyewe akapewa mfunzi mwingine, mashindano ya St Leger yakiwa karibu. Akabaki na jike aitwaye Wise Child, ambaye mishipa ya miguu ilikuwa mibovu kwa kukimbizwa vibaya. Akamfanyisha mazoezi polepole kwenye ardhi laini, akiilinda ile miguu kama yai. Wise Child akashinda, na Wrack alikuwa humo humo.

Halafu akaingia urubani. Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada, zaidi ya saa ishirini hewani, ndege ikaangukia matopeni naye akapona. Huko ndiko dunia inakomjua. Lakini alirudi Kenya, na miaka ya hamsini na sitini farasi wake wakashinda Derby ya Kenya mara kadhaa.

Tusikufiche lakini. Subira ile hakuwa nayo kwa watu. Ndoa tatu zilivunjika. Mwanawe wa pekee, Gervase, aliyezaliwa 1929, alilelewa Uingereza kwa ukoo wa babake. Na ushindi wake ulisimama juu ya mabega ya masaisi walioamka alfajiri kusugua na kutembeza farasi, kwenye ardhi ambayo Waafrika walinyang'anywa. Wengi wao hatuyajui majina. Arap Ruta tunamjua kwa sababu alifuatana naye kutoka zizi hadi uwanja wa ndege, na Beryl akamwandika kwenye kitabu chake cha 1942.

Kitabu hicho kilisahaulika miaka arobaini, kikachapwa tena Marekani 1983. Kiliuzika sana. Wakati huo Beryl alikuwa bibi wa miaka themanini, hana pesa, anaishi nyumba ndogo kwenye uwanja wa mbio wa Ngong Road, karibu na farasi. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986.