Milton Obote: Kibarua wa Kenya aliyewarudisha kwao vibarua wa Kenya

Mkaazi wa Masafu, katika wilaya ya Busia upande wa Uganda, anapovuka kwenda Kenya kutafuta kazi haiachi lugha yake nyuma. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka, na hadi Aprili 1902 mpaka huo haukuwa hapo: nchi kuanzia Busia hadi Kisumu na Naivasha ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Tangu Waingereza walipousogeza mstari, Busia na Malaba, iliyo karibu na Tororo, zimekuwa milango mikuu ya wanaotafuta riziki. Miongoni mwa Waganda waliokwenda Kenya kufanya kazi katika miaka ya 1950 alikuwamo kijana kutoka Lango, Apollo Milton Obote.

Alizaliwa mwaka 1925 katika kijiji cha Akokoro, karibu na Ziwa Kwania. Alipitia Chuo cha Busoga, Mwiri, akaingia Makerere mwaka 1948. Nia yake ilikuwa kusoma sheria, somo ambalo Makerere haikulifundisha wakati huo, na aliondoka bila shahada. Kijana wa namna hiyo, aliyesoma kupita kiasi cha kushika jembe lakini asiye na cheti cha kumfungulia ofisi, hakuwa na mengi ya kuchagua. Alifanya kazi kusini mwa Uganda, kisha akavuka kwenda Kenya na kuajiriwa na kampuni ya ujenzi ya Mowlem.

Kenya ilimpa mshahara, ikampa na siasa. Alijiunga na chama cha Kenya African Union, kilichopigwa marufuku mwaka 1953 katika msako dhidi ya Mau Mau. Aliporejea nyumbani katika nusu ya pili ya muongo huo, aliingia Baraza la Kutunga Sheria akiiwakilisha Lango. Mwaka 1960 alikuwa kiongozi wa chama kipya cha Uganda People's Congress, mwaka 1962 waziri mkuu, na mwaka 1966 rais.

Wakati huo msafara mkubwa zaidi ulikuwa ukielekea upande wa pili. Bwawa la umeme la Jinja lililozinduliwa mwaka 1954, saruji ya Tororo, shaba ya Kilembe, sukari ya Kakira na Lugazi, reli na nyumba za matajiri wa Kampala vilihitaji mikono, na maelfu ya Wajaluo na Waluhya kutoka magharibi mwa Kenya waliitikia. Wengi walikaa miaka mingi, wakazaa na kusomesha watoto Uganda. Baadhi yao walishika uongozi wa vyama vya wafanyakazi, jambo ambalo serikali haikulipenda.

Juni 1967, mjini Kampala, Obote, Jomo Kenyatta na Julius Nyerere walitia saini mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba ulishughulikia bidhaa, reli, bandari na posta. Mfanyakazi hakupewa ndani yake uhuru wa kuvuka mpaka na kuajiriwa. Haki hiyo iliandikwa baadaye sana, katika itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010.

Obote hakuwa peke yake. Kenya ilikuwa na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1967, iliyowataka wasio raia kuwa na vibali vya kazi. Ghana, ambayo waziri mkuu wake, kwa sadfa ya majina, aliitwa Busia, iliwaamuru wageni wasio na vibali waondoke ndani ya wiki mbili mwezi Novemba 1969. Uganda nayo ilikuwa na vijana wengi waliotoka shule na kukosa ajira. Desemba mwaka huo Obote alinusurika kuuawa kwa risasi. Mei Mosi 1970, uwanjani Nakivubo, alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya hisa za makampuni makubwa. Rais aliyejitangaza kuwa mtetezi wa mwananchi wa kawaida alihitaji kitu cha kumwonyesha mwananchi huyo, na nafasi za kazi zilizoshikwa na wageni zilikuwa karibu kuliko viwanda ambavyo bado havijajengwa.

Mwishoni mwa mwaka 1970 serikali ilizitenga kazi zisizohitaji ujuzi kwa raia pekee. Wakenya wapatao 30,000, wengi wao Wajaluo, waliondoshwa. Milango yao ya kurudi ilikuwa ileile ya Busia na Malaba. Waliofika huko na magodoro yao walikuwa makuli, watumishi wa nyumbani na wafanyakazi wa reli, watu wa tabaka ambalo rais mwenyewe alilifahamu tangu siku zake za ujenzi. Nyanza na Magharibi, walikorejea, hazikuwa na kazi za kuwapa. Ndiyo sababu waliondoka.

Januari 25, 1971, Obote akiwa safarini kutoka mkutano wa Jumuiya ya Madola nchini Singapore, Idi Amin alitwaa madaraka. Ndege ilimshusha Nairobi, na kutoka hapo akaendelea hadi Dar es Salaam, ambako Nyerere alimpa hifadhi kwa zaidi ya miaka tisa. Alirudi Ikulu Desemba 1980, akapinduliwa tena Julai 1985. Mara hiyo alikimbilia Kenya, kisha akapokewa Zambia. Alifariki Johannesburg tarehe 10 Oktoba 2005, na mwili wake ulirudishwa Akokoro kwa mazishi.