Ben Hogan: Bingwa Aliyeurekebisha Mkono Wake

Mchezo wa gofu si mgeni tena katika Afrika Mashariki. Nairobi na Entebbe viwanja vilikuwapo tangu enzi za ukoloni, na huko Rwanda uwanja wa Kigali wenye mashimo 18 ulibuniwa na kampuni ya Gary Player, bingwa wa Afrika Kusini. Hata hivyo, msomaji wetu wa Cyangugu, kule ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, hana haja ya kusafiri hadi Kigali ili alielewe jambo tunalotaka kulieleza leo. Na amtazame mtu afyekaye majani kandokando ya barabara. Anayetegemea nguvu za mikono peke yake huchoka kabla jua halijapanda, na fyekeo lake huruka ovyo. Fundi huzungusha kiuno na mabega, mikono ikafuata, na fyekeo likapita njia ile ile kila mara.

Mtu aliyetumia umri wake kuitafuta njia hiyo katika gofu ni Ben Hogan wa Marekani. Alizaliwa tarehe 13 Agosti, 1912, katika jimbo la Texas, mtoto wa mhunzi. Msiba ulimfikia mapema: mwaka 1922, Ben akiwa na umri wa miaka tisa tu, baba yake alijiua. Familia ikabaki katika dhiki, naye mtoto akawa akiuza magazeti katika stesheni ya treni mjini Fort Worth. Baadaye alisikia kwamba wabeba fimbo za wachezaji wa gofu hupata ujira mzuri zaidi, akaenda kuifanya kazi hiyo. Huko ndiko alikojifunza mchezo, kwa kutazama.

Mwaka 1930 aliamua kuishi kwa gofu, lakini kwa miaka mingi mchezo haukumlisha. Mara kwa mara fedha zilimwishia akarudi nyumbani mikono mitupu. Alikuwa na kasoro moja kubwa: mpira wake uliondoka vizuri, kisha ukapinda kwa ghafla kwenda kushoto na kupotelea vichakani. Ilikuwa hivyo kwa sababu mikono yake iligeuka upesi kupita kiasi, na uso wa fimbo ukawa umeelekea kushoto kuliko njia ambayo fimbo yenyewe ilikuwa ikipita.

Hogan hakukata tamaa wala hakumlaumu mtu. Alifanya mazoezi kwa saa nyingi kila siku, katika zama ambazo wengi wa wenzake hawakuona haja ya kufanya hivyo. Ushindi wake wa kwanza akicheza peke yake ulikuja mwaka 1940, baada ya miaka kumi ya kuhangaika. Baada ya vita kuu aliiponya kasoro ile kabisa: alibadili jinsi mkono wa kushoto ulivyoishika fimbo, na akaukunja kidogo kifundo cha mkono huo, upande wa mgongo wa kiganja, fimbo ilipofika juu. Uso wa fimbo ukaacha kujifunga mapema. Mwaka 1948 alitwaa Mashindano ya Wazi ya Marekani.

Lakini tarehe 2 Februari, 1949, akiendesha gari katika ukungu huko Texas, basi lililokuwa likilipita lori lilimjia uso kwa uso. Hogan alijitupa mbele ya mkewe, Valerie, ili amkinge, na kitendo hicho kikaokoa maisha yao wote wawili. Alivunjika nyonga, mtulinga na kifundo cha mguu. Damu ilipoanza kuganda mishipani, madaktari walilazimika kuufunga mshipa mkuu unaorudisha damu kutoka miguuni. Wengi waliamini kwamba hatacheza tena.

Miezi kumi na sita baadaye, Juni 1950, akiwa amezongwa bendeji miguuni, alizunguka mashimo 36 kwa siku moja katika uwanja wa Merion, na kesho yake akacheza mengine 18 na kutwaa ubingwa wa Marekani kwa mara ya pili. Mwaka 1953 alishinda Masters, Mashindano ya Wazi ya Marekani na yale ya Uingereza yaliyofanyika Carnoustie. Huko Carnoustie alipiga 73, 71, 70 na 68, kila raundi akiboresha hesabu ya raundi iliyotangulia. Jumla alitwaa mashindano makuu tisa.

Mwaka 1957 alitoa kitabu, Five Lessons, akimfafanulia mchezaji wa kawaida aliyoyapata kwa taabu. Alimtaka msomaji awaze kipande cha kioo kilichoinama, kikianzia penye mpira na kuegemea mabegani. Mikono inapopanda ipite chini ya kioo hicho bila kukivunja. Inaposhuka, kiuno ndicho kitangulie kugeuka, kisha mabega, kisha mikono, viwiko vikiwa vimekaribiana.

Hata hivyo yafaa tutahadhari. Dawa aliyoitumia Hogan ilikuwa ya ugonjwa wake mwenyewe. Wengi walioiga jinsi alivyoshika fimbo, bila kuwa na kasoro yake, waliona mipira yao ikipinda kwenda kulia. Wamkumbukao vizuri ni wale walioiga njia yake ya kutafuta: kuijua kwanza kasoro yako, kuitafuta asili yake, na kurudia zoezi mpaka mwili uzoee.

Hogan alifariki dunia mjini Fort Worth tarehe 25 Julai, 1997, akiwa na umri wa miaka 84, katika mji ule ule alikouza magazeti utotoni.