Khadr El Touni, Mmisri Aliyewapita Wazito

Vijana wetu wanaoshinda wakikunja mkono mmoja na kijichuma ili msuli utokeze, yafaa wamjue marehemu Khadr El Touni wa Misri.

Katika Michezo ya Olimpiki ya Berlin, mwaka 1936, alishindana daraja la wasiozidi kilo 75. Siku hizo mitindo ilikuwa mitatu: kusukuma chuma juu kutoka mabegani kwa mikono, kukinyakua kutoka chini hadi juu kwa mkupuo mmoja, na kukipandisha mabegani, kisha kukirusha juu. Miguu, kiuno, mgongo na mabega hushirikiana, mithili ya mabaharia wavutao henza kupandisha tanga. El Touni aliinua kilo 117.5, 120 na 150, jumla 387.5. Mjerumani wa pili aliachwa kwa kilo 35. Ajabu zaidi, bingwa wa daraja la juu yake, Mfaransa Louis Hostin, alipata 372.5 tu!

Mtindo wa kwanza ulifutwa baada ya Olimpiki ya 1972. Wainuaji walikuwa wakijipinda nyuma mno, waamuzi wakatatizika, na mgongo ukawa hatarini. Basi ajifunzaye aanze na chuma chepesi, mgongo usipindike, chuma kiwe karibu na mwili.

El Touni alikuwa bingwa wa dunia 1946, na tena 1949 na 1950. Chuma hakikumuua. Alifariki mwaka 1956 kwa kupigwa na umeme nyumbani kwake, Mwenyezi Mungu amrehemu.