Lodi Egerton wa Njoro, Mzee Aliyecheza kwa Mawe

Mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, na bado nacheza na matofali. Nalisema mwenyewe mapema, msomaji, kabla hujalisikia kwa jamaa zangu wa barazani, ambao jambo hili wamelifanya kitoweo cha kahawa kila baada ya Magharibi. Si matofali ya kujengea nyumba. Ni vile vijitofali vya plastiki viitwavyo Lego, vyenye vinundu juu na uwazi chini, ambavyo hushikana kimoja na chenziwe hata yakatokea majumba na meli. Aliyeniambukiza ni ndugu yangu aliyekuwa akifanya kazi Dubai. Alinishushia seti ya Taj Mahal, ile iliyotolewa mwaka 2008, vipande 5,922, nami nikakaa nayo chini ya feni miezi minne, mama watoto akinipitia kwa upande kama mtu apitaye karibu na mgonjwa.

Watu wazima wa mchezo huu wametapakaa duniani. Wako wawekao seti kabatini bila kuzifungua, wakingojea bei ipande. Wako watengao vipande rangi kwa rangi katika makopo ya maziwa ya unga. Na wako wale wasiotulia mpaka waunde jengo ambalo kiwanda hakijapata kuliunda. Mimi ni wa kundi hili la mwisho, na jengo lililonikosesha usingizi liko bara, upande wa Njoro, karibu na Nakuru: kasri la Lodi Egerton.

Nilikwenda huko kuhesabu madirisha. Nikarudi na habari za mwenye madirisha, nazo ndizo nitakazo kusimulia leo, kwa kuwa sisi wa pwani bwana huyu twamjua kwa jina la chuo kikuu tu, mahali tunapowapeleka watoto wetu na masweta.

Maurice Egerton alizaliwa tarehe 4 Agosti 1874. Ukoo wao ulimiliki shamba kubwa la Tatton katika jimbo la Cheshire, Uingereza, si mbali na Manchester, na ndani ya shamba hilo kasri la mawe lenye bustani na kulungu. Mtoto wa nyumba kama ile hakulazimika kushika kazi. Wengi wa namna yake umri uliwaishia kwenye karata na farasi, lakini huyu alikuwa na mikono isiyotulia. Alikwenda mpaka Yukon, kaskazini ya Kanada penye theluji, nchi ya wachimba dhahabu. Mwaka 1900 alipata motokaa ya Benz, na magari yalipoanza kuandikishwa, lake likapewa namba M 1, la kwanza katika Cheshire nzima. Gari hilo bado limehifadhiwa Tatton. Akapenda kamera, akajifunza kusafisha picha mwenyewe gizani.

Kisha zikaja eropleni. Bwana huyu alijuana na ndugu wawili Wright wa Marekani, wale walioruka kwa mara ya kwanza mwaka 1903, na kiwanda cha Short huko Uingereza kilipoanza kuunda eropleni za mtindo wao, naye alijipatia yake. Mwaka 1910 alipewa hati ya urubani. Namba yake katika orodha ya Waingereza ni 11.

Hapa niwieni radhi nitoke njiani kidogo. Ndugu Wright walipokuwa wadogo, mnamo 1878, baba yao aliwaletea kitu cha kuchezea cha karatasi na mwanzi, kilichoruka kwa nguvu ya mpira uliosokotwa, na wenyewe walikiri ukubwani kwamba hamu yao ilianzia hapo. Tena, mtu waliyemsoma sana ni Mjerumani Otto Lilienthal, aliyeruka kwa mbawa za kitambaa hata akaanguka na kufa mwaka 1896. Lilienthal huyo huyo, pamoja na nduguye Gustav, ndio waliobuni vijitofali vya mawe vya kuchezea watoto, ambavyo Mjerumani mwengine, Richter, alivinunua na kuviuza tangu miaka ya 1880. Kwa hiyo anayenicheka barazani na ajue kwamba eropleni iliyompeleka Makka kuhiji ina ujamaa na mchezo wangu.

Turudi kwa bwana wetu. Mwaka 1920 baba yake alifariki, naye akawa Lodi Egerton wa nne wa Tatton, na katika miaka hiyo ya 1920 ndipo alipoingia Kenya. Njoro alimkuta jirani wa kwao, Lodi Delamere, naye pia mtu wa Cheshire, aliyekuwa amekwisha tumia mali nyingi kujaribu ngano na kondoo katika ardhi ile. Ardhi yenyewe haikuwa tupu. Wamasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa kwa mkataba wa mwaka 1904, na katika misitu ya Mau iliyo juu yake walikuwako Waogiek na mizinga yao ya asali. Siwezi kuyataja madirisha nikayaacha hayo, maana mchezaji yeyote wa matofali hujua kuwa kitu cha kwanza kukitafuta ni ubao wa kujengea juu yake. Mimi wangu niliununua dukani.

Lodi alianza kulijenga kasri mwaka 1938. Tazama hesabu: alikuwa na miaka zaidi ya 60. Umri ambao wazee wetu hukaa kibarazani na tasbihi, yeye alianza jumba la mawe ya kuchonga lenye vyumba zaidi ya 50, nalo, yasemwa, alilitaka lifanane na kasri la baba zake. Vita vikuu vya pili vikamkatiza. Akaendelea baada ya vita. Mwaka 1952 ikatangazwa hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau, Bonde la Ufa likajaa askari na hofu, na mzee huyo akawa angali anapanga mawe. Kazi ilikwisha 1954, naye yuapata miaka 80. Ndani aliweka ukumbi wa dansi na kinanda kikubwa cha mabomba kama vya kanisani, na chumba cha giza cha kusafishia picha. Nilisimama katika ukumbi ule nikatazama juu. Kwa kweli ni kazi safi, na mafundi na vibarua walioyanyanyua mawe yale majina yao sikuyaona ukutani.

Watembezaji wa pale wana hadithi yao, nao huisimulia kwa ufasaha kwa kila mgeni. Ati Lodi alipenda mwanamke wa kizungu wa nasaba kubwa, akamleta Njoro, bibi akaitazama nyumba ya kwanza aliyokuwa akiishi, akaifananisha na banda la kuku, akaenda zake. Ndipo kwa uchungu akajenga kasri. Likamalizika, bibi bado akalikataa. Tangu hapo mzee akawachukia wanawake wote, akapiga marufuku wasikanyage kwake.

Kwamba hakuoa na hakuacha mtoto, hilo ni kweli tupu. Hayo mengine, Allahu aalam. Nikiwa mtu aliyejenga Taj Mahal kwa mikono yake, ingawa ni ya plastiki, naona kila jumba kubwa watu hulitafutia mwanamke. Lile la Agra lina sababu iliyothibitika: Mumtaz Mahal alikufa mwaka 1631 akijifungua mtoto wa kumi na nne, na Shah Jahan akamjengea kaburi. Mzee wa Njoro mimi nadhani tofauti. Mtu aliyetoka kwenye dhahabu akaenda kwenye gari, kutoka gari akaenda kwenye eropleni na kamera, haitaji kuvunjwa moyo ndipo ajenge. Namjua mtu wa aina hiyo. Hunyoa ndevu zake kila asubuhi mbele ya kioo changu. Kazi ikiisha huwa hana raha mpaka aanze nyingine, na walio karibu naye ndio huilipia kwa upweke.

Maana alikuwa mkusanyaji pia. Huko Tatton, katika miaka ya 1930, alijengesha ukumbi mzima wa kuweka vichwa na pembe za wanyama aliowawinda, pamoja na silaha na vitu vya ajabu alivyovipata safarini. Vimetundikwa mpaka leo safu kwa safu, kama sisi tunavyopanga seti zetu rafuni. Paa mmoja kwa mtu mwenye njaa ni chakula. Ukuta mzima wa vichwa sijui ni kitu gani.

Lakini katikati ya mchezo wake kuna jambo moja alilolitoa mikononi. Mwaka 1939, kasri likiwa bado msingi na kuta, alitoa ekari 740 za Njoro ikaanzishwa Shule ya Shamba ya Egerton. Tusimpambe: shule ile ilikuwa ya vijana wa kizungu, wajifunze ukulima wa nchi walioichukua. Mwaka 1955 ikawa Chuo cha Kilimo cha Egerton. Mwaka 1958 zikaongezwa ekari 1,100, na baada ya hapo milango ikafunguliwa kwa vijana wa rangi zote, Waafrika wa Kenya na wa nchi nyingine. Mwaka 1987 kikawa chuo kikuu kamili.

Lodi mwenyewe hakuyaona hayo. Alifariki tarehe 30 Januari 1958, baada ya miaka kama minne tu tangu kasri kumalizika. Ulodi ukafa naye kwa kukosa mrithi, na Tatton akaiachia jumuiya ya kuhifadhi mali za kale za Uingereza. Siku mbili kabla ya kifo chake, tarehe 28 Januari 1958, huko Denmark, Godtfred Kirk Christiansen alipeleka ombi la hataza ya kijitofali chenye vinundu juu na vibomba chini, hiki hiki nikichezeacho. Baba yake, seremala Ole Kirk aliyekianzisha kiwanda, alifuata mwezi wa Machi mwaka huo huo. Sidai kuwa mambo haya yana uhusiano. Nilipoona tarehe zile nilizisoma mara mbili, basi.

Siku niliyofika kasri, ambalo sasa liko mikononi mwa chuo kikuu na hutembelewa kwa kiingilio, palikuwa na harusi bustanini. Wanawake walijaa tele, vitoto vikikimbizana ngazini, na bibi harusi akipigwa picha kwenye mlango mkubwa. Nilihesabu madirisha ya mbele mara tatu kwa sababu watu walikuwa wakinipita mbele. Baridi ya Njoro, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, iliniingia mpaka mifupani, nikaomba kikombe cha chai.

Nyumbani, mama watoto aliniuliza ni vyumba vingapi. Nikamwambia. Akaniuliza nani alikuwa akivifagia, nami katika daftari langu lote la madirisha, milango na vipimo vya paa sikuwa na jibu. Sasa yule mjukuu wangu wa kike hukaa nami jioni akinichagulia vipande vya kijivu. Upande wa mbele umesimama. Vya kijivu vimetuishia, na ndugu yangu wa Dubai amestaafu, kwa hiyo twamngojea mtu mwengine wa kutuletea.