Burkitt: Tabibu wa jicho moja aliyechora mpaka wa saratani ya watoto

MSAFIRI atokaye Bungoma kwenda Kitale hupanda kutoka takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 1,900. Kinachoonekana njiani ni miwa kupungua na mahindi kutawala. Lakini katika ramani ya marehemu Dkt Denis Burkitt, mwinuko huo ulikuwa na maana nyingine: mahali fulani maeneo ya Webuye ndipo ulipopita mpaka wa maradhi yaliyoua watoto wengi wa Afrika Mashariki.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka wa 1911. Akiwa na umri wa miaka 11, jiwe lililorushwa na wavulana lilimpofusha jicho moja. Hata hivyo, alihitimu udaktari Dublin mwaka wa 1935, akawa mpasuaji, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili akahudumu Kenya akiwa daktari wa jeshi. Mwaka wa 1946 alitumwa Lira, Uganda, kisha Mulago, Kampala.

Ni huko Mulago ambako, mnamo 1957, mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, Burkitt alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Alipompima alipata uvimbe tumboni pia. Alipopekua kumbukumbu za hospitali aligundua kuwa vivimbe vya taya, figo na ovari, vilivyopewa majina mbalimbali, vilikuwa ugonjwa mmoja.

Oktoba 1961, akiandamana na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, aling'oa nanga kwa gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Walisafiri takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini, wakipitia hospitali zaidi ya 50, na kila mahali wakionyesha picha na kuuliza kama ugonjwa huo umewahi kuonekana. Jibu lilifuata joto na mvua. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikuwa nadra juu ya mita 1,500. Ilikuwa ramani ya mbu.

Mwaka wa 1964, Anthony Epstein na wenzake jijini London waligundua virusi katika seli za uvimbe uliotoka Uganda. Lakini virusi hivyo huwapata karibu watu wote, wa Kitale wakiwemo. Kilichotofautisha nyanda za chini ni malaria ya kila mara.

Seli yenye afya hunakili DNA yake mara moja tu kabla ya kugawanyika, tena kwa wakati wake. Jeni iitwayo MYC ni miongoni mwa zinazoamua wakati huo, na hupaswa kuwashwa na kuzimwa. Katika ugonjwa wa Burkitt, kama ilivyobainika mwaka wa 1982, kipande cha kromosomu ya nane chenye jeni hiyo hukatika na kwa kawaida kuunganika na ya 14, kando ya jeni ya kingamwili isiyozimwa. MYC hubaki imewaka. Uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja hadi tatu. Malaria huzichochea seli hizo kugawanyika na kukata jeni zake za kingamwili, na hapo ndipo makosa hutokea.

Burkitt hakuyajua hayo alipoanza kutibu. Bila mashine za mionzi, alijaribu dawa kama methotrexate, inayozuia kunakiliwa kwa DNA, na cyclophosphamide. Kasi ya uvimbe ikawa ndiyo udhaifu wake: baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache mno, jambo ambalo wataalamu wa Ulaya waliliona kuwa ajabu.

Aliondoka Uganda mwaka wa 1966, akajipatia sifa nyingine kwa kutetea vyakula vyenye nyuzinyuzi (somo ambalo mla githeri hakulihitaji sana), na akafariki Machi 23, 1993.

Bungoma ingali katika ukanda wa malaria ya mwaka mzima. Dalili ya kwanza mara nyingi huwa meno ya mtoto kulegea. Hung'olewa, mtoto akarudishwa nyumbani, na uvimbe ukaendelea kukua.