MacDonald Gill, fundi aliyechekesha abiria wa treni

Wasomaji wetu wanaoshuka shimoni wanajua: chini ya udongo hakuna mchezo. Leo tunawaelezea maisha ya fundi mumoja wa Uingereza aliyetia mchezo katika treni za chini ya udongo, kisha akafanya kazi ingine ambayo haichekeshi hata kidogo.

Jina lake ni Leslie MacDonald Gill. Nyumbani walimuita Max. Alizaliwa mwaka 1884 kule Brighton, mji wa pembeni ya bahari, katika jamaa ya watoto wengi. Yaya yake Eric alikuja kujulikana kama muchonga mawe. Max yeye alijifunza kuchora nyumba na kuandika herufi nzuri.

Ile wakati, London ilikuwa imepata njia mpya za treni chini ya mji. Tatu zilifunguliwa mwaka 1906 na 1907. Kuchimba kulikula pesa mingi sana, lakini watu hawakuja vile wakubwa walivyohesabu. Kwa njia ya Piccadilly walingojea abiria milioni 60 mwaka wa kwanza. Walipanda milioni 26 tu. Deni ikabakia.

Kampuni ikatafuta namna ya kuvuta watu. Frank Pick, mukubwa wa matangazo, akamuomba Gill achore ramani ya London. Ikatundikwa kwenye magare mwaka 1914. Haikuwa ramani ya kawaida. Mji wote ulionekana kama unautazama toka juu, na kila njia ilijaa watu wadogo wanaobishana na kuchekana. Kwenye bustani ya wanyama, ndege mukubwa alikuwa anakula mutoto. Ukingoni, Gill aliandika Urusi kama kijiji kimoja tu kati ya vingine. Walisimulia kwamba watu walisimama kusoma mpaka treni ikawaacha! Wengi wakaomba kuinunua, njo ikachapwa ya kuuzwa, watu wakaitundika nyumbani.

Lakini mwaka uleule vita ikaanza, na vijana wengi hawakurudia. Serikali ikaweka komisio ya kuangalia makaburi yao. Komisio ikakata shauri: jiwe liwe namna moja kwa wote, mukubwa na askari mudogo, tajiri na masikini. Jamaa zingine zilikataa, zilitaka kujenga makaburi yao zenyewe. Mabishano yakafika mpaka kwenye bunge mwaka 1920. Shauri halikubadilika. Herufi za kuchonga majina kwenye yale mawe, ni Gill aliyezichora.

Nyuma ya pale alichora ramani zingine nyingi, kama ile ya njia za meli ya mwaka 1927. Alikufa mwaka 1947.

Ile ramani ya treni, leo wanaichunga kwenye miize. Lakini kazi yake iliyoenea zaidi iko inje, kwenye mvua na jua, katika inchi nyingi. Mama aliyefika pale kutafuta mutoto wake, hata kama alikuwa mutoto wa mufanyakazi wa kawaida, alikuta jina limeandikwa kwa herufi zilezile za jina la ofisie aliyelala pembeni. Wengi wao hawakujua kwamba aliyezichora ni yule fundi aliyewachekesha pale walipokuwa wanangojea treni.